Mack ya Usa River: gari la zimamoto la Marekani ambalo bado linavuta maji

Kwa miaka 22 kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya pampu ya gari la zimamoto, macho kwenye geji na mkono kwenye valvu, tangu enzi ambazo vikosi vilikuwa chini ya halmashauri za miji hadi baada ya sheria ya mwaka 2007 iliyounda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kwa hiyo niliposikia kwamba katika karakana moja ya magari ya kale, njia ya kutoka Arusha kwenda Moshi ukishapita Usa River, kuna gari la zimamoto la Marekani la miaka ya 1950 lililofufuliwa, na kwamba wageni wanaruhusiwa kulitazama, kulipanda na hata kulikodi, sikwenda kwa ajili ya rangi yake. Nilikwenda na swali moja: je, pampu inafanya kazi? Kwangu mimi gari la zimamoto lisilotoa maji ni lori jekundu lenye kengele, na malori mekundu nimeyaona mengi.

Nimefika hapo mara mbili, zote siku ya Jumamosi. Mara ya kwanza nilikuwa na mjukuu wangu wa miaka tisa, na mara ya pili nilikwenda peke yangu, nikiwa nimevaa ovaroli, ili nipate nafasi ya kuingia chini ya gari bila kuharakishwa na mtu.

Gari lenyewe ni Mack ya mfululizo wa B, yenye boneti ndefu ya mviringo na madigadi yaliyovimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Wapita njia hulitazama kwanza kwa sababu ya mbwa mdogo anayeng'aa juu ya rejeta, na mjukuu wangu naye alianzia hapo: "Babu, kwa nini gari la moto lina mbwa?" Mbwa huyo ni alama ya kampuni, na aliyemchonga kwa mara ya kwanza, mwaka 1932, ni mhandisi mkuu wa Mack, Alfred Fellows Masury, wakati alipokuwa amelazwa hospitalini. Nilifurahi kwamba kijana aliyetupokea alilijua jambo hilo na akamweleza mtoto taratibu, kwa Kiswahili safi, bila kumfanya ajione amesumbua.

Mack ni kampuni iliyojijenga katika mji wa Allentown, jimbo la Pennsylvania, tangu 1905. Iliuza gari lake la kwanza la pampu kwa kikosi cha zimamoto mwaka 1911, ikaacha kutengeneza magari ya aina hiyo mwaka 1990. Mfululizo wa B ulitoka kati ya 1953 na 1966, na jumla ya magari 127,786 yalitengenezwa, mengi yakiwa malori ya kawaida ya mizigo. Wingi huo ndio uliowasaidia mafundi wa Usa River, kwa kuwa vipuri vya injini, ekseli na kabini bado vinapatikana kwa wapenzi wa malori hayo huko Marekani. Vipuri vya upande wa zimamoto ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo kazi yao ilipokuwa ngumu na ndipo inapostahili kupimwa.

Mmiliki, Mtanzania aliyeishi Pennsylvania kwa muda mrefu, alilinunua kutoka kikosi cha wazimamoto wa kujitolea cha mji mdogo. Nchini Marekani wazimamoto walio wengi ni watu wa kujitolea, wenye kazi zao nyingine za kila siku, na vikosi vya namna hiyo hutunza gari kwa miongo kadhaa kwa sababu fedha za kununua jipya hupatikana kwa shida. Hata hivyo gari hili lilikuwa limeegeshwa nje miaka mingi, na liliposhushwa Dar es Salaam na kubebwa kwenye loubedi hadi Arusha halikuwa na breki, tangi la maji lilikuwa limeoza chini, na shafti ya pampu ilikuwa imeganda kwa kutu kiasi kwamba haikuzunguka hata kwa bomba refu. Mafundi watatu walilihangaikia kwa miaka minne. Picha za hatua zote zimebandikwa ukutani, na nawashauri wageni wazitazame kabla ya kulisogelea gari, maana ukishaona lile pipa la kutu katika picha ya kwanza utaliangalia kila bomba kwa jicho jingine.

Sasa pampu. Imewekwa katikati ya gari, chini, na inaendeshwa na injini ileile ya petroli ya mitungi sita inayozungusha magurudumu. Dereva akishasimama huvuta wenzo mmoja, nguvu ikaacha kwenda nyuma ikaingia kwenye pampu. Bamba lake la shaba linasema galoni 750 kwa dakika. Hiyo ni galoni ya Marekani ya lita 3.785, si ile ya Uingereza ya lita 4.546 tuliyoizoea katika vitabu vya zamani, kwa hiyo tunazungumzia takriban lita 2,840 kwa dakika. Tena namba hiyo haisimami peke yake. Kwa kanuni za Marekani pampu hutakiwa kutoa kiwango chote kwa shinikizo la pauni 150 kwa inchi ya mraba, asilimia 70 kwa pauni 200, na nusu yake kwa pauni 250. Gari linabeba maji galoni 500, yaani takriban lita 1,900, na pampu ikifunguliwa kwa uwezo wake wote maji hayo huisha kwa sekunde 40. Ndiyo maana mtu wa pampu humwuliza mwenye gari, kabla ya yote, kama pampu inaweza kuvuta maji yenyewe kutoka kisimani, mtoni au bwawani.

Karakana ina bwawa la kumwagilia nyuma ya uzio, na siku ya pili niliomba tufanye jaribio hilo. Fundi kijana, ambaye ndiye anayeitunza pampu, hakusita.

Tulianza na jaribio la ukavu: unafunga valvu zote, unaondoa hewa ndani ya pampu, kisha unatazama kama geji ya vakyumu, ile inayopima nguvu ya kunyonya kwa inchi za zebaki, inashikilia. Kitabu cha viwango vya Marekani kinataka inchi 22 za zebaki, na zisishuke zaidi ya inchi 10 kwa dakika tano. Geji yetu ilisimama kwenye 18. Mgeni angedhani pampu imeshindwa, lakini Usa River iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila futi 1,000 unazopanda unapoteza karibu inchi moja, kwa hiyo inchi 18 mahali pale ni sawa na 22 Tanga au Dar es Salaam. Fundi alilijua hilo kabla sijafungua mdomo. Baada ya dakika tano sindano ilikuwa kwenye 15. Kwa pampu ya umri ule nimeridhika, na nimewahi kufanya kazi na pampu changa zaidi ambazo zisingefika hapo.

Kisha tukashusha mpira mgumu wa kuvutia bwawani, wenye chujio mwishoni, urefu wa kuvuta ukiwa kama mita mbili na nusu. Mwinuko ule ule unabana hapa pia, kwa sababu hewa ndiyo inayoyasukuma maji yapande mpirani. Baharini hewa ingeweza kuyapandisha mita 10.3 kama vakyumu ingekuwa kamili, lakini pale kikomo ni karibu mita 9, na katika kazi halisi hupati zaidi ya theluthi mbili zake. Viwango vinataka maji yaingie ndani ya sekunde 30. Mara ya kwanza tulihesabu 41. Fundi alifunga tena kiungio kimoja cha mpira, akapaka grisi kidogo kwenye gasketi yake, tukarudia, na maji yakafika kwa sekunde 26. Jinsi alivyoutafuta mpenyo wa hewa kwa kupitisha kiganja juu ya viungio, bila kelele na bila kumlaumu mtu, ilinikumbusha walimu wangu.

Wakati maji yanatoka niliinama kutazama pakingi za shafti, yaani vizibo vinavyoizunguka shafti pale inapoingia kwenye pampu, mahali ambapo mafundi wengi huharibu. Zilikuwa zinadondosha, tone baada ya tone.

"Mwanangu, hii mnaiachaje inavuja?" nilimwuliza makusudi.

"Shikamoo tena, mzee," alinijibu akitabasamu, "unanipima. Hiyo haivuji, inajipoza. Nikiikaza mpaka ikauke, itaungua na kula shafti."

Jibu hilo moja lilinitosha kuhusu mikono ambayo gari limeangukia. Pakingi ya pampu ya namna hii hupozwa na maji yanayopita kidogo kidogo, na nimeshuhudia shafti nzuri zikikwaruzwa na watu wenye bidii waliotaka pampu iwe kavu kama kabati la vyombo.

Tulifungua mistari miwili ya mipira yenye nozeli za mdomo wa inchi moja. Nilikuwa nimebeba geji yangu ndogo yenye mdomo mwembamba, ile unayoiingiza katikati ya mkondo wa maji, na ilisoma pauni 50 kwenye kila nozeli. Kwa mdomo na shinikizo hilo kila nozeli hutoa karibu galoni 210, kwa hiyo zote mbili zilikuwa zinatupa kama lita 1,590 kwa dakika, na zilikaa hivyo dakika 20 bila injini kupandisha joto wala geji kuyumba. Sitasema nimeithibitisha ile 750 ya kwenye bamba, kwa sababu hatukuwa na mistari ya kutosha kufika huko. Ninachosema ni kwamba ilitoa zaidi ya nusu ya uwezo wake kwa utulivu, injini ikiwa bado na akiba, na hii ni injini inayopoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa sababu ya wepesi wa hewa ya kule.

Jambo jingine lililonifurahisha ni mahali pa kusimama. Meza ya geji na valvu iko upande wa kushoto wa gari. Huko Marekani, ambako magari hupita kulia, mtu wa pampu husimama upande wa barabara, mgongo wake ukielekea magari yanayopita, na ni mahali pa hatari. Kwetu tunaopita kushoto, meza hiyo hiyo inaangukia upande wa mtaro. Nilisimama pale nikafikiria saa nilizopata kufanya kazi usiku kando ya barabara kuu, taa za mabasi zikinipitia karibu na kiwiko.

Kuhusu viungio vya mipira nina maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndipo urekebishaji huu ulipofanywa kwa akili zaidi. Mdomo wa Kimarekani wa inchi mbili na nusu hufungwa kwa hesi, yaani kwa kuzungushwa kama skrubu, uzi saba na nusu kwa kila inchi, na ulinganifu huo ulipatikana kwa gharama kubwa. Mwezi Februari 1904 moto uliwaka Baltimore kwa zaidi ya saa 30 na kuteketeza majengo zaidi ya 1,500. Vikosi vilikuja kutoka Washington, Philadelphia na New York, na mipira ya wengi wao haikuingia kwenye vyanzo vya maji vya Baltimore kwa sababu kila mji ulikuwa na hesi yake. Baada ya hapo ndipo Wamarekani walipoanza kukubaliana juu ya kipimo kimoja. Sasa gari limefika Arusha, ambako mipira tuliyoizoea hufungwa kwa kusukuma na kubana, bila hesi yoyote. Ingekuwa rahisi kukata midomo ile ya shaba na kuchomelea mipya. Mafundi hawakufanya hivyo. Walimpelekea mchongaji wa mashine ya lethi kipande cha shaba, akachonga viungio vya kati, upande mmoja una hesi ya Kimarekani na upande wa pili unapokea mpira wetu, na vinaondolewa kwa mkono bila kuacha alama. Nilivikagua vyote vinne. Kimoja kina uzi uliolika kidogo mwanzoni na kinahitaji kuchongwa upya kabla hakijamkwama mtu mkononi.

Bodi imenyooshwa vizuri na puti si nyingi. Nilipitisha sumaku kwenye milango na madigadi, ikashika karibu kila mahali. Maandishi ya ubavuni yamerudishwa kwa karatasi nyembamba ya dhahabu, kama ilivyokuwa desturi ya magari haya, na si kwa rangi ya manjano ya kopo. Sakafu ya mahali pa kulazia mipira ni ya mbao zenye nafasi kati yake, ili mipira ya pamba iliyolowa ipate hewa na isioze; mbao za asili zilikuwa zimekwisha na wameweka mninga. Wapo watakaosema si mti wa Marekani. Mimi nasema ni mti mzuri, umekatwa kwa vipimo vya zamani, na bamba dogo linaeleza wazi kwamba umebadilishwa.

Ndiyo maana sikuelewa kwa nini tangi halina bamba la namna hiyo. Tangi la chuma lilitolewa, na ndani sasa kuna tangi la plastiki. Uamuzi huo ninauunga mkono, kwa sababu chuma kingeoza tena, lakini mgeni anaambiwa kwamba gari ni "la asili lote," na hilo si kweli. Vilevile kuna mikanda ya taa za buluu iliyobandikwa chini ya kikanyagio kwa ajili ya sherehe za usiku. Iondolewe. Gundi yake imeshaanza kuinua rangi ambayo watu waliisugua kwa miezi.

Safari ya gari hufanyika kwenye barabara ya vumbi inayozunguka mashamba ya jirani, kwa dakika kama 15. Usukani uko kushoto na gia hazina msaada wowote, kwa hiyo dereva hukanyaga klachi mara mbili kila anapobadilisha, na anayeliendesha hapo anajua kazi yake. Sikusikia gia ikilia hata mara moja. Springi ni ngumu na kiti ni kigumu zaidi, na mtu mwenye maumivu ya mgongo atafute kivuli asubiri. King'ora ni cha mota, cha kampuni ya Federal, kinachoanza chini kama mtu anayeguna na kupanda hadi kifua kinatetemeka. Wanakipiga ndani ya uzio tu, kwa muda mfupi, na naomba waendelee hivyo hata wateja wa harusi wakisisitiza, kwa sababu mtu aliyepiga 114, namba ya dharura ya zimamoto, na anasubiri gari lifike hapaswi kudanganywa na king'ora cha bwana harusi.

Lipo jambo moja ambalo sitalipunguza makali. Katika safari ya kwanza, vijana wanne waliruhusiwa kusimama kwenye kikanyagio cha nyuma wakati gari linatembea, wakishikilia bomba, kama wazimamoto wa zamani. Picha zinapendeza. Lakini watu wa kazi hii walikufa na kuvunjika wakiwa wamesimama hapo hapo, na ndiyo sababu viwango vya Marekani vya mwaka 1987 vilitaka kila mzimamoto aketi na kufunga mkanda gari linapotembea. Nilimweleza msimamizi, akanisikiliza kwa adabu, na mara ya pili nilikuta mnyororo umefungwa kwenye kikanyagio. Hata hivyo mnyororo unafunguka. Mzazi anayekwenda na mtoto amkalishe ndani ya kabini.

Kiingilio ni shilingi 10,000 kwa mtu mzima na 3,000 kwa mtoto, safari ikiwa ndani ya bei hiyo, na kwa nilichokiona ni bei ya haki. Kulikodi nusu siku, pamoja na dereva na fundi, waliniambia ni shilingi 700,000 ndani ya Arusha. Kwa msafara wa harusi kutoka kanisani Kijenge hadi ukumbini Njiro silipendekezi. Ni gari refu, zito, lenye usukani upande ambao dereva haoni vizuri anapotaka kulipita gari jingine, na foleni ya jioni italichemsha. Kwa shule ningelipendekeza bila kusita, ilimradi mwalimu aombe pampu iwashwe na watoto washike nozeli ndogo kwa zamu, mtu mzima akiwa nyuma yao. Mjukuu wangu alishika ile ya mpira wa inchi moja na nusu kwa shinikizo la chini, na hadi leo anaeleza jinsi mpira unavyokusukuma nyuma kama ng'ombe anayekataa kamba.

Pampu haiwashwi kila siku. Piga simu kabla, na uende asubuhi, kwa sababu mchana maji ya bwawa huelekezwa mashambani. Vaa viatu vya kulowa.

Yaliyobaki ni mabango ya maelezo. Yote kumi na moja yalikuwa kwa Kiingereza, katika eneo ambalo wageni wengi niliowakuta walikuwa familia za Tengeru, Maji ya Chai na Usa River yenyewe, na baba mmoja alikuwa akimtungia mwanawe maelezo ya kubahatisha mbele ya pampu. Niliandika malalamiko yangu kwenye daftari la wageni. Niliporudi mara ya pili, bango la kwanza la Kiswahili lilikuwa limeshasimamishwa kando ya meza ya geji, limeandikwa kwa mkono na yule fundi kijana, ila aliandika kwamba galoni ni lita nne na nusu. Nilimwonyesha bamba la shaba, tukapiga hesabu pamoja, akaenda kuleta kopo la rangi.